Popo Wawili, Jina Moja

Shule ya msingi nilikaa dawati moja na Doto. Pacha mwenzake, Kulwa, alikaa nyuma yetu. Mchana niliwachanganya karibu kila siku, na wenyewe walishazoea. Ukimwita Doto "Kulwa" aliitika tu, hakujisumbua kukurekebisha. Lakini usiku, umeme ukikatika na sisi tumekaa barazani kwao tunapiga soga, sikukosea hata mara moja. Kulwa alikuwa anayakata maneno, Doto anayavuta. Siku moja Doto akaniuliza, "Hivi wewe, mbona gizani unanijua, mchana unanipoteza?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Swali hilo limenirudia majuzi nikisoma habari za popo wa Uingereza. Najua, hapa huwa tunazungumza riwaya na mashairi. Nivumilieni kidogo.

Kuna popo mdogo huko anayeitwa pipistreli. Ana gramu 5 hivi, hulala kwenye mapaa ya nyumba za watu, na jioni hutoka kuwinda mbu na wadudu wengine wadogo. Mjerumani Schreber alimpa jina la kisayansi mwaka 1774. Mwaka 1825 Mwingereza Leach akatoa jina la pili kwa popo mdogo zaidi aliyemwona, lakini wataalamu waliofuata wakasema ni yule yule tu, jina likawekwa kando. Basi kwa miaka mingi kila aliyemshika popo huyu mkononi aliamini anajua amemshika nani.

Popo hawa huona njia kwa sauti. Wanapiga kelele, wanasikiliza mwangwi, na kwa mwangwi huo wanajua ukuta uko wapi na mdudu yuko wapi. Sikio la binadamu halifiki huko. Sisi tunaishia kwenye mitetemo elfu 20 hivi kwa sekunde, wao wanaanzia juu ya hapo. Vilipopatikana vifaa vya kuishusha sauti hiyo hadi tuisikie, jambo la ajabu likajitokeza. Pipistreli wengine walikuwa wanaita kwenye kilohezi 45 hivi, wengine kwenye 55. Mwaka 1993 Gareth Jones na Sofie van Parijs wa Chuo Kikuu cha Bristol wakaandika wazi kwamba huenda hawa ni wawili. Tena majike wanaokusanyika kuzaa na kulea hawakuwa wamechanganyika: paa hili la wa 45, paa lile la wa 55. Mwaka 1997 vinasaba vikapimwa, tofauti ikakutwa inazidi asilimia 11. Yule wa sauti ya juu akapewa jina lile la Leach, lililothibitishwa rasmi mwaka 2003. Jina lilikuwa linamngoja tangu 1825!

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Je, kabla ya 1993 tofauti hiyo ilikuwepo? Jibu la haraka ni ndiyo, bila shaka. Lakini ilikuwepo kwa nani? Sisi tulikuwa tunasema "wako sawa", kumbe tulikuwa tunayazungumzia macho yetu. Madume wa huku na wa huku wana nyimbo tofauti za kuwaita majike, na majike hawakuhitaji kitabu cha Schreber kujua waende kwa nani. Neno "sawa" tunalitumia kama sifa ya vitu, na mara nyingi ni taarifa tu ya mahali tulipoacha kutazama.

Na kuacha huko kuna gharama. Popo wa pua ya kiatu cha farasi aliyepewa jina la Hildebrandt alielezwa mwaka 1878 kutokana na popo wa Taita, Kenya. Baadaye jina hilo likatandazwa hadi kusini mwa Afrika. Mwaka 2012 wataalamu wakatenga humo spishi nne mpya, mmojawapo wa Mlima Mabu, Msumbiji. Ukiwahesabu wote kwa jina moja utasema wako tele, msitu wa mlima mmoja ukikatwa hakuna neno. Kumbe mwenye mlima ule hana kwingi pa kwenda.

Mtu ataniambia: angalia, kutenganisha nako kumeua. Ni kweli, na hoja hii siwezi kuipita mbio. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliwagawia Wanyarwanda vitambulisho vya kabila, watu wa lugha moja, vilima vimoja, waliokuwa wanaoana. Sisi binadamu ni spishi moja, hapo hakuna mjadala. Ila tazama kazi mbili hizi zilivyo mbali. Kwa popo, wasikilizaji walikuta mgawanyo ambao popo wenyewe walikuwa wakiuishi, wakakiri kwamba walikuwa viziwi. Kwa vitambulisho, waliokuja na kalamu hawakusikiliza; waliandika, na maandishi yakawageukia walioandikwa. Kwa hiyo kinachonisumbua si kutofautisha wala kuunganisha. Ni nani aliyesema, na nani aliyenyamazishwa.

Kulwa alifariki miaka mitatu iliyopita. Msibani watu walimshika Doto mikono wakamwambia, "Tukikuona wewe tunamwona Kulwa." Walisema kwa mapenzi, na mimi nilisema vilevile. Jioni, tumekaa wawili, akaniambia polepole, "Kama mnamwona yeye, mimi mnaniona saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kuna jambo moja la wasikilizaji wa popo ninalowahusudu. Wakati mwingine popo anapita akiita kwenye kilohezi 50, katikati kabisa. Sauti yenyewe hubadilika kidogo kufuatana na mahali anaporuka, hivyo anaweza kuwa yeyote kati ya wale wawili. Msikilizaji mwaminifu halazimishi. Anaandika "pipistreli", nafasi ya jina la pili anaiacha wazi, anarudi kusimama gizani na kifaa chake.

Mwezi uliopita simu yangu iliita, namba ngeni. Sauti ilikuwa inayakata maneno. Nilijua haiwezekani, ila moyo ulinipasuka. Zamani ningeropoka jina. Safari hii nikauliza, "Samahani, naongea na nani?"

Kimya kidogo. "Doto," akasema. Nikamwambia anaongea haraka siku hizi. Akasema hata mama yao amemwambia hivyo, kisha akaniuliza kama namfahamu fundi mzuri wa bati, paa la barazani linavuja.