Kubeba Bidoni Nako Kunasomewa?



Ndugu zangu, wenzetu wanaosomea michezo wameanza somo jipya, na maneno yamekuwa mengi. Ni yale mazoezi ya kuchuchumaa na kuinuka na mzigo, kunyanyua mfuko wa mchanga kutoka chini hadi begani, kutembea na uzito mikononi, kuvuta, kusukuma, kupanda. Siku moja baada ya swala ya alasiri ndugu mmoja aliwatazama wakipita na mifuko yao, akasema, "Kubeba bidoni nako kunasomewa? Basi mama yangu kule kilimani ni profesa." Tulicheka wote. Lakini mzaha ule haukunitoka, kwa sababu ndani yake mna swali zito: nguvu za mwili ni za nini, na nani ana haki nazo?

Kwanza tuwatendee haki wenzetu. Mazoezi haya hayahangaiki na ukubwa wa msuli mmoja mmoja kama yale ya mashine. Yanafunza kiuno, mgongo, magoti na mabega kufanya kazi pamoja, katika mienendo ambayo maisha yenyewe huitaka. Wataalamu wa kutibu viungo wanayajua vizuri: mtu aliyevunjika mguu hapewi mazoezi ili awe na paja nene, anapewa ili aweze tena kupanda ngazi za nyumbani kwake. Huko Marekani, tangu mwaka 2000, CrossFit imeyafanya kuwa biashara kubwa, yenye mashindano na mavazi yake. Kwetu faida iko kwingine. Mwanafunzi wa michezo wa leo ndiye mwalimu wa kesho katika shule isiyo na mashine hata moja, pengine yenye mpira mmoja kwa darasa zima. Bidoni la lita 20 likijaa maji lina kilo 20. Likijaa nusu, kilo 10. Vifaa anavyo tayari, tena vinapimika.

Sasa turudi kwenye mzaha. Mwanafunzi na yule mama wananyanyua uzito ule ule. Ila mwanafunzi huanza na kidogo, huongeza kwa kiasi, hupumzika, na akisikia maumivu huweka chini. Mzigo wa mama umepangwa na umbali wa bomba na idadi ya watoto. Kinachowatenganisha ni nani anayeamua mzigo. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kwamba watu wetu hawahitaji mazoezi kwa kuwa wanafanya kazi nzito. Waende wakazungumze na mayede wanaopandisha mchanga na saruji kwenye nyumba zinazojengwa katika miteremko ya hapa Gihosha. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Haupungui kwa sababu leo una homa.

Katika dini yetu mwili ni amana. Mtume (s.a.w.) alipopata habari kwamba Abdullah bin Amr anafunga kila siku na kusimama usiku kucha, alimkataza na kumweleza kuwa mwili wake una haki juu yake. Wapenzi wa mazoezi wanaipenda sana hadithi hii, pamoja na ile ya muumini mwenye nguvu kuwa bora na kupendwa zaidi na Allah kuliko aliye dhaifu. Zote ni sahihi. Lakini Imam Nawawi aliieleza nguvu hiyo kuwa ni azma ya nafsi katika mambo ya akhera, na wengi wanaoitaja hadithi hii hawafiki hapo. Zikisomwa kijuujuu, hadithi hizi mbili hutufikisha mbele ya kioo na kutuacha pale. (Nao wanaosema swala ni mazoezi ya viungo sikubaliani nao. Swala ni ibada. Ila ni kweli kwamba mzee mwenye magoti mazima huinuka kutoka sijda bila kushikwa mkono, na hiyo ni neema ya kuitunza tungali vijana.)

Mimi huliona jibu katika Suratul Qasas. Nabii Musa (a.s.) anafika kwenye maji ya Madyan, mkimbizi asiye na kitu. Anawakuta wachungaji wananywesha, na mabinti wawili wamesimama pembeni wakizuia kondoo wao, kwa sababu baba yao ni mzee sana. Anawanyweshea. Baadhi ya wafasiri wanasimulia kuwa kisima kilifunikwa kwa jiwe la kunyanyuliwa na watu kumi. Kisha anajiondokea kwenda kivulini kumwomba Mola wake, bila kudai ujira. Binti mmoja ndiye anayemshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sifa hizo mbili zimetajwa pamoja. Nguvu za Musa zilijulikana pale zilipomfikia asiyeweza.

Na katika Bukhari na Muslim Mtume (s.a.w.) anafundisha kuwa kila kiungo cha mwanadamu kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza. Miongoni mwa sadaka anazozitaja ni kumsaidia mtu kupanda mnyama wake, au kumnyanyulia mzigo wake juu ya mnyama huyo. Kunyanyua mzigo! Somo zima la wenzetu limo humo, ila mzigo una mwenyewe.

Hapa kwetu tunaye Vénuste Niyongabo. Atlanta, 1996, Burundi ikishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, alimwachia Dieudonné Kwizera nafasi yake ya mita 1500, mbio alizozimudu kuliko zote. Kwizera alikuwa ameikosa Michezo ya 1988 na 1992 kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo akaingia mita 5000, ambazo hakuwa na uzoefu mkubwa nazo, na akachukua dhahabu. Medali hiyo tunaisimulia kila siku; ile nafasi aliyoiacha hatuisimulii.

Kuna ugumu mmoja. Rafiki yangu wa michezo anataka kuwafundisha mayede namna ya kunyanyua: magoti yakunjwe, mzigo uwe karibu na mwili, mgongo usipindwe ukiwa na uzito. Nilimuuliza, na tajiri akiona sasa wanapandisha mifuko mingi zaidi kwa siku, akadai hiyo hiyo kila siku? Alinyamaza. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abu Dharr kuhusu wanaotutumikia kwamba tusiwatwishe wasiyoyaweza, na tukiwatwisha tuwasaidie. Kwa hiyo mafunzo hayo yana sehemu ya pili, ya kwenda kwa mwenye nyumba kumwomba mfuko ubebwe na wawili au mchanga ugawanywe. Sehemu hii hakuna anayeipenda, hasa kwa kuwa baadhi ya nyumba hizo ni za baba zetu.

Dada zetu nao wasisahauliwe. Tunawaambia uzito ni wa wanaume, ilhali bidoni kutoka bombani linabebwa kichwani mwa nani? Bi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.). Wakipata ua uliofungwa na mwalimu mwanamke, sioni hoja ya kuwazuia.

Nimewapelekea viongozi wa jumuiya yetu ombi moja. Msimu wa mvua makorongo ya hapa Gihosha hula ardhi hadi kwenye kuta za nyumba, na mifuko ya mchanga ndiyo watu hupanga kuzuia. Jumamosi asubuhi, wakati wa kazi za maendeleo, tuwaalike wanafunzi wa michezo na mifuko yao. Waibebe kwa utaratibu wao wote, kwa zamu na kwa mapumziko, wakitufundisha sisi na majirani. Ikifika ukingoni mwa korongo iachwe pale pale. Mazoezi ya wiki inayofuata yataanza kwa kujaza mingine.