Jina la Kubandika Halifungi Breki

Septemba 2023 kampuni ya Shimano ya Japani, ambayo jina lake limo kwenye gia na breki za baiskeli duniani kote, ilitangaza kasoro kubwa katika bidhaa zake. Baadhi ya mikono ya pedali ya baiskeli za mashindano, iliyotengenezwa kabla ya Julai 2019, ilikuwa ikiachana. Vipande viwili vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi vilibanduka, na mkono ungeweza kukatika mtu akiwa anakanyaga. Nchini Marekani peke yake seti zipatazo 680,000 ziliitwa zikaguliwe. Taarifa 4,519 za mikono kuachana zilikuwa zimekwisha kupokelewa, na watu sita walikuwa wameripotiwa kuumia. Habari kama hii humpa mtetezi wa vipuri vya bandia jibu la haraka: hata cha asili hukatika, basi kwa nini nilipe mara tano ya bei ninayoiona mtandaoni? Swali ni la haki. Linastahili kujibiwa kwa makini, na jibu lake limo ndani ya mkasa huohuo.

Tazama kilichofuata baada ya tangazo. Kila mkono ulikuwa na herufi mbili upande wa nyuma, zinazoonyesha wakati ulipotengenezwa. Kwa herufi hizo mwenye duka aliweza kujua kama baiskeli iliyo mbele yake imo katika kundi lenye kasoro, na mkono ulioonyesha dalili ya kuachana ulibadilishwa bure. Taarifa zaidi ya elfu nne si chache, na ni halali kuuliza kwa nini kampuni haikusema mapema. Lakini alikuwapo wa kuulizwa. Kipuri cha bandia nacho kina herufi, tena zimechorwa kwa ustadi, ila hazimfikishi mtu popote. Kikikatika leo Kahama au Kisumu, hakuna atakayewaonya wengine mia tano waliouziwa mzigo uleule. Pengine hata muuzaji mwenyewe hajui kilitoka mikononi mwa nani. Kosa la kipuri cha bandia, basi, halianzi kwenye bei yake ndogo, wala si lazima lianzie kwenye ubovu wa chuma chake. Linaanza pale mtengenezaji anapoficha uso nyuma ya jina la mwingine ili siku ya kuvunjika asitafutwe. Mengine yote hufuata hapo, kwa sababu anayejua kwamba hatatafutwa hana cha kumzuia asipunguze.

Na hupunguza mahali jicho lisipofika. Chuma cha kawaida kikibebeshwa mizigo midogo kuliko uwezo wake huweza kustahimili miaka na miaka. Alumini haina bahati hiyo. Kila mtikisiko huipunguzia umri. Ufa huanza mdogo usioonekana, hukua kimya kimya, kisha siku moja usukani hukatika kwa mzigo uleule uliobebwa jana bila shida. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, hakiridhiki na kuutazama usukani ukiwa mpya. Unafungwa kwenye mashine, unasukumwa na kuvutwa mara 100,000, na usionyeshe ufa. Jaribio hilo linagharimu mashine, muda, na bidhaa zinazoharibiwa kwa makusudi ili zingine ziaminike. Hakuna picha ya dukani inayoweza kuonyesha kama lilifanyika, kwa hiyo ni gharama ya kwanza kufutwa na mwigaji. Kwa kaboni hali ni mbaya zaidi. Umbo la fremu au usukani wa kaboni hutokana na kalibu, na kalibu huigika. Nguvu yake hutokana na idadi ya tabaka za nyuzi, mwelekeo wa kila tabaka, na gundi iliyosambaa bila kuacha mapovu ndani. Vitu viwili vinaweza kufanana kwa umbo, rangi na nembo, kimoja kikabeba mtu mzima kwenye mteremko na kingine kikapasuka. Tena kaboni haipindi kwanza kama chuma ili ikupe nafasi ya kusimama. Hupasuka ghafla.

Mnunuzi wa mtandaoni hujibu kwamba kuna ushahidi mwingine: maoni ya waliotangulia, nyota tano mfululizo, mamia ya watu walioridhika. Ushahidi huo usidharauliwe, lakini tuuelewe ni wa nini. Wengi huandika maoni siku mzigo unapofika, wakiwa wameshika kitu kipya kinachong'aa, kabla hakijafungwa kwenye baiskeli. Wanasifia kasi ya usafirishaji, ufungaji wa boksi na rangi inayolingana na picha, na hayo ni ya kweli. Kuchoka kwa kipuri huja baada ya maelfu ya kilomita, wakati ukurasa wa bidhaa ile umeshafutwa au duka limebadili jina. Aliyevunjika bega mwaka wa pili harudi kuandika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni mwa simu vyote viwili vinajitembeza, kwa picha ileile, mara nyingi picha iliyochukuliwa kwenye tovuti ya mwenye jina.

Kuna hoja nyingine inayopendwa sana: kwamba kitu hicho kinatoka kiwanda kilekile, kimepitishwa mlango wa nyuma tu. Hoja hii ina chembe ya ukweli. Kampuni nyingi zenye majina makubwa hazitengenezi fremu zao zenyewe. Giant ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilikua kwa kuwatengenezea wengine, wakiwamo Schwinn wa Marekani, kabla ya kuwa jina kubwa kwa haki yake. Lakini hebu tuikubali hadithi ya mlango wa nyuma jinsi ilivyo. Kitu kilichopita hapo kilikwepa nini? Kilikwepa mkaguzi wa mlango wa mbele. Inawezekana kabisa kuwa ni kile alichokikataa. Anayetumia hoja hii kutetea ubora wa kipuri chake anakiri, bila kukusudia, kwamba hakuna aliyekipitisha.

Hoja nzito kuliko zote ni ya kipato, na sipendi inavyojibiwa kwa wepesi na watu wenye uwezo. Kuna kijana wa Arusha au Nairobi aliyeona Kigali ikiandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, mara ya kwanza barani Afrika, naye anataka kukimbia. Duka la karibu halina anachokihitaji, na cha asili kinauzwa mamia ya dola. Mtandao ndio mlango pekee uliofunguliwa mbele yake. Kuna pia anayepeleka mkaa, maziwa au abiria kwa baiskeli kila siku. Yeye hanunui mtandaoni, lakini raba za breki anazowekewa na fundi chini ya mwembe huweza kuwa zimeagizwa kwa katoni na mfanyabiashara aliyezichagua kwenye kioo cha simu, kwa bei tu. Huyu ndiye anayebeba hatari kubwa, kwa sababu gunia la mkaa linapoteremka mlima pamoja naye, breki inasimamisha uzito wa watu wawili, si mmoja. Kumwambia anunue cha asili au aache ni kumwambia asile. Hatuwezi kudai hivyo.

Ila umaskini haumlazimishi mtu kununua uongo. Unamlazimisha kununua rahisi, na rahisi si bandia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Asia imejaa viwanda vinavyotengeneza vipuri vya bei ya chini na kuviandika majina yao wenyewe. KMC ya Taiwan imetengeneza minyororo tangu 1977, na inauza hata ya bei ya mtu wa kawaida. Kiwanda chenye jina dogo lakini lake mwenyewe kina kitu cha kupoteza, na hilo peke yake humfanya mwenye kiwanda awe mwangalifu. Tuna pia baiskeli za mtumba kutoka Japani na Ulaya. Usukani wa chuma uliotumika, usio na ufa wala kutu ya ndani, ni salama kuliko wa kaboni mpya uliobandikwa jina la kifahari. Ni mzito zaidi, ndiyo, na atakayeshindana nao ataachwa sekunde kadhaa mlimani. Atafika.

Vipuri navyo havilingani katika kutuumiza. Mnyororo dhaifu mara nyingi huaga kabla ya kuondoka. Vipande vyake 24 vinapaswa kufika inchi 12 kamili; rula ikionyesha kwamba vimezidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, umelika na wakati wa kuubadili umefika. Kengele, bawa la matope na kishikio cha chupa vikivunjika unaendelea na safari. Usukani, shingo yake, uma wa gurudumu la mbele, breki na waya zake haviagi. Mwenye shilingi chache azikusanye huko, na akaribie urahisi kwenye mengine bila hofu. Mfanyabiashara anayeagiza kwa katoni anao uwezo wa kuuliza zaidi ya mnunuzi mmoja mmoja. Adai jina la kiwanda na hati ya majaribio, na asipopewa aache mzigo huo.

Serikali zina sheria. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu 2008 na mamlaka ya kuisimamia, na Tanzania ina Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango. Lakini kontena hukaguliwa bandarini; bahasha yenye raba nne za breki hupita posta kati ya bahasha maelfu. Kwa hiyo kazi kubwa inabaki mikononi mwa anayenunua, anayefunga na anayeuza tena.

Huyo wa mwisho ndiye ninayetaka kumsihi. Mtu hugundua kwamba usukani alioupokea si wenyewe: uzito hauendani, maandishi yamekaa upande, fundi ametikisa kichwa. Anaona uchungu wa hela yake, anaupiga picha na kuuweka sokoni, jina likiwa juu yake bado. Ndugu msomaji, usifanye hivyo. Hela imekwenda. Chukua msumeno ukate kitu hicho vipande viwili kabla ya kukitupa, kisije kikaokotwa na kufungwa kwenye baiskeli ya mtoto wa mtu.