Mshirika au Mwajiriwa?

Fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, imetenganisha mikataba miwili ambayo kampuni za teknolojia zinazokua kwa kasi huichanganya. Katika ijara, mtu huuza kazi yake kwa ujira unaojulikana tangu mwanzo. Tajiri akipata au akipoteza, ujira uko palepale. Katika mudharaba, mmoja hutoa mtaji na mwenzake hutoa kazi, faida wanagawana kwa fungu walilokubaliana, na hasara ya mali humwangukia mwenye mtaji, kwa kuwa mfanyakazi naye ameshapoteza jasho lake. Kila mkataba una uadilifu wake. Dhuluma huingia pale mtu anapobebeshwa mzigo wa huu na kunyimwa kinga ya ule.

Siku za kampuni kupanda, mfanyakazi huitwa mshirika. Hukubali mshahara pungufu kwa ahadi ya hisa, ambazo mara nyingi huiva polepole kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha hatoki na hata moja. Siku za kushuka, hugeuka mwajiriwa. WeWork, wapangishaji wa ofisi waliojinadi kama kampuni ya teknolojia, ilithaminiwa dola bilioni 47 mwanzoni mwa 2019. Mpango wa kuuza hisa kwa umma ulipovunjika Septemba, thamani iliporomoka hadi takriban bilioni 8, na Novemba watu 2,400 wakaachishwa kazi. Meta nayo ilitoka wafanyakazi takriban 45,000 mwishoni mwa 2019 hadi 87,000 mwaka 2022, kisha Novemba ya mwaka huo ikapunguza zaidi ya 11,000. Mkuu wake, Mark Zuckerberg, alikiri hadharani kwamba alikosea makadirio. Kukiri ni uungwana, lakini waliolipia kosa hilo kwa ajira zao hawakuwa wameulizwa.

Itasemwa kwamba hakuna aliyelazimishwa, mishahara ni minono, na Google ilipoingia soko la hisa mwaka 2004 iliwatajirisha wengi wa wafanyakazi wake. Ni kweli, na mali hiyo ni halali yao. Ila ridhaa hutimia mtu anapojua anachoridhia. Anaweza kutajiwa idadi ya hisa zake bila kuelezwa kwamba kampuni ikiuzwa kwa bei ya chini, wawekezaji wenye hisa za kipaumbele hulipwa kwanza, na zake zikabaki karatasi. Fikihi ina jina la hali hiyo: gharari. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bila kuthubutu hakivumbuliwi kitu. Nakubali, mudharaba yenyewe ilikuzwa na wafanyabiashara wa misafara, watu walioijua hatari kuliko sisi. Haikuifuta hatari, ilimwonyesha kila mmoja iliyo yake. Mwekezaji hutawanya mtaji wake katika kampuni nyingi, moja ikistawi humfidia zilizokufa. Mfanyakazi ana ujana mmoja, hawezi kuutawanya. Kwa hiyo anayemtaka auweke rehani ana wajibu wa kumwambia, kabla hajatia sahihi, nani atalipwa kwanza na yeye atabaki na nini jahazi likizama.