Kuuza Nguvu na Kujiuza

Swali la kama mtu aweza kuuza nguvu za mwili wake bila ya kujiuza mwenyewe ni la kale. Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu yake katika neno lililozoewa mno hata asili yake haisikiki tena. Kibarua, katika Unguja ya karne ya kumi na tisa, mara nyingi alikuwa mtumwa aliyekodishwa kwa siku. Ujira aliupokea kwa mkono wake, kisha sehemu ya ujira huo akaipeleka kwa bwana wake. Mtu huyo alilipwa, walakini hakuwa huru. Basi malipo peke yake si dalili ya uhuru, na mwenye kutafuta tofauti baina ya mwungwana na mtumwa yampasa aitafute mahali pengine.

Katika zama hizi hakuna kazi inayoliweka swali hilo wazi kuliko mapigano ya mseto, yaani mchezo ambao ndani yake ngumi, mateke, mieleka na kabari huruhusiwa pamoja, na wapiganao mara nyingi hufungiwa katika kizimba chenye pembe nane. Na katika wapiganaji wote wa mchezo huo, maisha ya Francis Ngannou ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Alizaliwa mwaka 1986 huko Batié, magharibi ya Kamerun. Wazazi wake waliachana angali mdogo, na kabla ya kubaleghe alikuwa akichimba mchanga kwa koleo ili shule isimpite. Baba yake alijulikana kwa ugomvi wa barabarani. Sifa hiyo mbaya ilimchoma mtoto, akaazimu kwamba kama mikono yake ilirithi nguvu za kupiga, itapiga mahali penye kanuni. Mwaka 2012 aliondoka kwao, akakata jangwa mpaka Morocco, akarudishwa nyuma mara kadhaa, na alipofika Hispania alifungwa miezi miwili kwa kosa la kuvuka mpaka. Mwaka 2013 alikuwa Paris, analala penye maegesho ya magari. Alikusudia kuwa bondia. Lakini aliishia kizimbani, chini ya mwalimu wake Fernand Lopez.

Husemwa kwamba mtu wa namna hiyo hana ridhaa, kwa kuwa mwenye njaa hukubali lolote. Hoja hii ina uzito, lakini wenye kuitoa mara chache huifikisha mwisho. Wanaolaani kizimba hawasikiki wakilaani machimbo ya mchanga, ambako mtoto alivunjwa mgongo kwa ujira mdogo na hapana mtu aliyenunua tikiti kumtazama. Kama umaskini hubatilisha ridhaa, hubatilisha ridhaa zote za maskini, na karibu kazi yote ngumu ya dunia itakuwa dhuluma. Yamkini ndivyo ilivyo. Hata hivyo kizimba hakitakuwa na hatia ya peke yake.

Iko hoja ya pili iliyo kali kuliko hiyo. Mwaka 1928 daktari wa Marekani aitwaye Harrison Martland aliandika juu ya mabondia ambao, kwa kupigwa vichwani miaka mingi, walianza kuyumba na kupotewa na akili kama walevi. Tangu hapo sayansi imeongeza mengi, na ugonjwa wa ubongo utokanao na mapigo ya mara kwa mara huthibitishwa kwa hakika baada ya kifo tu. Hapa ndipo penye taabu ya kweli. Kijana wa miaka ishirini na saba hutia sahihi, lakini atakayelipa deni ni mzee wa miaka sitini, ambaye hakuwapo mezani wala hakuulizwa. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha uhuru cha mwaka 1859, alikataa kwamba mtu aweza kujiuza utumwani kwa hiari yake, maana uhuru hauwezi kutumika kuufuta uhuru wenyewe. Mpiganaji hafiki huko kwa siku moja; lakini kila pigo la kichwa huenda likawa linamwondolea yule mzee kipande cha nafsi yake. Hoja hii haijapata jibu la kuridhisha, na wapenzi wa mchezo hufanya vibaya kuipitia kwa haraka.

Ngannou aliingia kampuni ya UFC mwaka 2015, akashindwa na Stipe Miocic mwaka 2018, akamshinda mwaka 2021 na kuwa bingwa. Ubingwa ukawa kifungo. Mikataba ya kampuni ile ilikuwa na sharti la kumzuia bingwa hata baada ya mapambano aliyoahidi kwisha. Januari 2022 alipigana na Ciryl Gane, mwanafunzi wa mwalimu wake wa zamani, huku kano za goti zimeumia. Mtu aliyesifika kwa ngumi akashinda kwa mieleka. Kisha akakataa mkataba mpya. Alitaka bima ya afya kwa wapiganaji, ruhusa ya kuwa na wafadhili wake mwenyewe, na mtetezi wa wapiganaji katika mikutano ya kampuni. Hakuyapata. Januari 2023 kampuni ikamwachia na kumvua ubingwa. Wengine walidai haki mahakamani: shauri lililofunguliwa mwaka 2014 na wapiganaji wa zamani liliishia katika mapatano ya dola milioni 375, yaliyoidhinishwa mwaka 2025.

Mwaka huo huo wa 2023 alijiunga na kampuni ya PFL, na katika masharti aliyodai limo moja linalostahili kutazamwa kuliko yote: kwamba yeyote atakayepigana naye alipwe ujira usiopungua kiwango kilichowekwa, kilichotajwa kuwa dola 2,000,000. Kibarua wa Unguja hakuwa na uwezo wa kusema "la" kwa bwana wake. Ngannou alisema "la" kwa kampuni, akakubali hasara ya taji, na hiyo "la" akaigawia mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumwangusha.

Oktoba 2023 huko Riyadh alimwangusha Tyson Fury katika ngumi za kawaida, akashindwa kwa uamuzi wa waamuzi waliotofautiana. Machi 2024 Anthony Joshua alimwangusha mara tatu na kummaliza katika raundi ya pili. Mwezi wa Aprili mwanawe wa miezi 15 alifariki. Mwenyewe alisema hadharani kwamba hakujua tena alikuwa anapigania nini. Mtu aliyevuka jangwa ili watoto wake wasichimbe mchanga alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Tarehe 19 Oktoba 2024 alirudi Riyadh, akapambana na Renan Ferreira wa Brazili, akamshinda katika raundi ya kwanza. Alieleza kwamba pambano lile alilikubali kwa ajili ya mtoto wake. Ferreira ndiye mpinzani wa kwanza aliyeingia kizimbani kwa sharti lile la ujira, lililodaiwa na mtu aliyempiga.