Je, Aliyeponywa Akiogopa, Amekosa Imani?

Mzee mmoja wa usharika alinijia nyumbani jioni moja, akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Baba Mchungaji, nina neno juu ya yule mwalimu. Mungu amemtoa kinywani mwa kaburi, nasi sote tulileta sadaka ya shukrani kwa ajili yake. Mbona kila akikaribia kwenda Mwanza kupimwa damu anakonda kama mtu anayengoja hukumu? Je, huko si kumshuku Mungu?" Nikamwambia kwamba sina jibu la upesi, nipewe muda nilifikiri. Haya ndiyo niliyoyafikiri. Nayaandika hapa kwa kuwa nadhani swali hili si la mzee huyu peke yake.

Mwalimu mwenyewe ameniruhusu kuyaeleza mambo yake, ila jina lake nisilitaje. Anafundisha shule ya msingi katika mkoa wa Geita. Yapata miaka minne iliyopita alishikwa na lukemia, ambayo ni saratani ya damu. Jina hili lilitolewa mwaka 1847 na mganga Mdachi, Rudolf Virchow, na maana yake ni damu nyeupe. Uboho ulio ndani ya mifupa, ambao waganga wa siku hizi huuita uloto, ni kama shamba ambamo damu yetu yote huzaliwa. Katika ugonjwa huu shamba huota magugu: seli changa zisizofaa kazi huzidi kuongezeka, hata zile njema zikakosa nafasi. Mgonjwa huyu alipewa dawa kali za kung'oa magugu, nazo ziling'oa na mazao pamoja. Kisha ikabidi shamba lipandwe mbegu mpya kutoka kwa mtu mwingine. Katika ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kila ndugu ana bahati moja katika nne ya kulingana na mgonjwa kabisa. Kwao walipimwa wanne, akapatikana mmoja, kaka yake, ambaye ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Nyarugusu. Wakaenda India wote wawili, naye akapandikizwa uloto wa kaka yake.

Kazi hii haina umri mkubwa duniani. Daktari Donnall Thomas wa Marekani alipoanza kuijaribu mwaka 1957, wagonjwa wake wa kwanza hawakupona. Hakuacha, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel. Hapa kwetu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023, kwa watoto wenye selimundu. Kwa hiyo jambo hili, ambalo jana lilikuwa habari ya mbali, litazidi kuingia nyumbani mwetu, nasi tunaotembelea wagonjwa yatupasa kulijua.

Sasa nataka msikilize alivyoanza kuhesabu, maana hapo ndipo nilipojifunza jambo nisilolijua. Baada ya kupandikizwa, hesabu ya seli zake nyeupe ilishuka hata ikawa karibu na sifuri. Kila asubuhi alitolewa damu kidogo, akaambiwa: leo hakuna kitu, leo hakuna, leo hakuna. Katika siku hizo mafua tu yangaliweza kumwua. Waganga walikuwa wanangoja zile seli nyeupe zinazopigana na vijidudu zipite 500 katika kipimo kidogo mno, sehemu moja ya milioni ya lita, na zikae hivyo siku tatu mfululizo. Ndipo husema kwamba mbegu imeshika. Siku ya kumi na saba muuguzi akaingia anacheka. "Tangu siku ile," mwalimu aliniambia, "nikiamka nauliza hesabu kabla sijauliza habari za nyumbani."

Mnaona, ndugu zangu? Hesabu ile ilikuwa kwake habari njema kwanza, kabla haijawa kitisho. Ilikuwa sauti ya pekee iliyomwambia kwamba yu hai. Nasi tunamshangaa kwamba hawezi kuisahau!

Alirudi na daftari aliyoipiga mistari kama daftari ya chama cha pamba: safu ya seli nyeupe, safu ya wekundu wa damu, safu ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata. Kila baada ya miezi mitatu huenda Bugando, akarudi akaandika. Juma moja kabla ya safari halali. Hujitazama miguu na mikono kama kuna alama nyeusi, hupapasa shingo kutafuta uvimbe. Akiona damu kwenye mswaki, siku ile hafundishi vema.

Nami niliposikia hayo mara ya kwanza nilifanya kosa, na afadhali nilikiri hapa. Nilifungua Injili, nikamsomea yale Bwana wetu aliyowaambia wanafunzi juu ya ndege wa angani na maua ya kondeni, nikayasoma kwa sauti ya mtu anayeonya. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante, Baba Mchungaji. Lakini ndege hawapimwi damu."

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani nimeona haya, nikakumbuka habari moja ya Daktari Martin Luther tuliyofundishwa seminarini. Mwezi wa Februari mwaka 1546 alikuwa Eisleben, mji aliozaliwa, akipatanisha watawala waliogombana. Naye alikuwa mzee, mgonjwa. Mkewe Katharina alibaki Wittenberg, hapati usingizi kwa kumhofia. Luther akamwandikia barua za mzaha, akimtania kwamba anajisumbua kana kwamba Mungu hana nguvu tena, na kwamba tangu aanze kuhofu, moto na jiwe vilikaribia kumwua mumewe. Asipoacha, huenda nchi ikawameza. Barua ya namna hiyo aliiandika tarehe 10. Tarehe 18 mwezi ule ule akafa, kule kule Eisleben.

Tulipokuwa vijana tuliisoma barua ile tukacheka, tukasema, tazama imani ya Daktari! Leo nafikiri zaidi juu ya mama yule aliyeipokea. Jambo aliloliogopa lilitukia. Hakuwa mpumbavu, wala macho yake hayakumdanganya. Mumewe kweli alikuwa karibu na kufa. Tena Luther hakumwandikia kwamba hakuna hatari. Alimwambia tu kwamba ulinzi si kazi yake, una mwenyewe. Haya ni maneno mawili yaliyo mbali sana, na sisi wachungaji na wainjilisti mara nyingi huyachanganya. Tukimwambia mgonjwa, "Usiogope, hakuna kitu," twamtolea ahadi ambayo hatukutumwa kuitoa.

Maana kitu kipo. Ugonjwa huu waweza kurudi. Hatari huwa kubwa zaidi katika miaka miwili ya kwanza, kisha hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Ndiyo maana waganga humwita arudi kupimwa. Nami nimewahi kumzika kijana ambaye hesabu yake ilishuka, na sababu haikuwa nyingine ila ile aliyoiogopa. Mama yake alikuwa amezuiwa na jamaa asilitamke jambo hilo mbele yake, kwa kuwa eti kulitamka ni kukosa imani. Basi kijana yule akaogopa peke yake mpaka mwisho. Hilo lanihuzunisha kuliko kifo chenyewe.

Basi kama kuogopa si kosa, je, kuhesabu ni kosa? Wengine hunikumbusha habari ya mfalme Daudi, aliyewahesabu watu wake, tauni ikaja. Lakini sioni kwamba Daudi alikosa kwa sababu ya namba. Alitaka hesabu ya watu wenye upanga ili aiegemee. Katika Maandiko yale yale Mungu mwenyewe aliwapa Waisraeli kipimo jangwani: pishi moja ya mana kwa kila mtu, kwa siku moja. Kupima hakukukatazwa. Waliokosa ni wale walioweka ya leo ili iwe ya kesho, nayo ikaingia mabuu ikanuka.

Na damu ndivyo ilivyo, wasomaji. Seli nyekundu huishi yapata siku 120, kisha hufa, nyingine zikazaliwa. Chembe sahani huishi siku nane au kumi tu. Zile zilizohesabiwa Bugando mwezi wa Januari, ufikapo Machi hakuna hata moja iliyobaki. Kwa hiyo karatasi ya majibu husema kweli juu ya asubuhi ile mshipa ulipochomwa. Ukiiuliza habari ya mwezi ujao, inanyamaza. Nilipomweleza mwalimu hayo aliitika upesi, akasema kwamba hata majibu mema huvunda: furaha yake haimalizi juma, kisha huanza kuinusa kama ina harufu. Kupima ni utunzaji wa kazi ya Mungu mwilini mwetu. Naye aachaye kwenda kupimwa kwa kusema "nimekwisha amini" simsifu hata kidogo. Linaloumiza ni kuitaka karatasi iape juu ya kesho.

Hapa nataka kusema neno juu ya kaka yake, kwa kuwa watu wote humwuliza habari za dada yake na hakuna amwulizaye habari zake mwenyewe. Mtu huyu anajua mizani kuliko sisi sote. Mchimbaji hushuka duarani majuma mengi, hutoa mawe, huyapeleka karasha yakasagwa, huyaosha mwaloni, hushika kwa zebaki, huchoma, mpaka mwisho kinapatikana kidonge kidogo kama punje ya mtama. Kisha anasimama mbele ya mizani ya mnunuzi. Aliniambia kwamba hapo hata wenye maneno mengi hunyamaza, maana jasho lote na deni la chakula dukani litakuwa namba moja. "Lakini dhahabu ikipungua," akasema, "narudi shimoni. Damu ya dada ikipungua, nirudi wapi? Naona kama damu yangu ndiyo iliyomwibia."

Mwaka jana chembe sahani zilikuwa 212,000, zikawa 187,000, kisha zikawa 148,000, chini kidogo ya ile 150,000 ambayo waganga huihesabu kuwa mpaka. Kaka aliposikia, hakula siku mbili. Kumbe waganga walipotazama damu ile kwa darubini waliona malaria. Nayo malaria hushusha chembe sahani hata kwa mtu asiyeijua lukemia kabisa. Akatibiwa, na majuma matatu baadaye zilikuwa 203,000. Dawa fulani nazo hushusha hesabu, na virusi vya mafua vilevile. Kwa hiyo waganga hawahukumu kwa namba moja. Hutazama mwendo wa namba nyingi, na wakishuku huupima uloto wenyewe. Hayo yafaa kila mtu wa nyumba kama ile ayajue. Kaka nilimwambia kwamba aliyetoa mbegu hakuwekwa kuwa mvua. Sijui kama alikubali. Alitikisa kichwa tu, akaomba tusali.

Kwa yule mzee wangu nilirudi baada ya siku nne. Sikumpa hotuba. Nilimwomba mambo machache. Mwalimu atokapo Mwanza, asimsimamishe uani pa kanisa mbele ya watu kumwuliza majibu. Akitaka kusema atasema. Akina mama wanaompelekea juisi ya rozela ili aongeze damu wasizuiwe, kwa kuwa ni upendo. Lakini mizizi na magome ya kuchemsha wasimpe bila mganga wake kujua, kwa maana zipo zinazopingana na dawa. Tena asiende peke yake. Hilo la mwisho mzee alilishika, akasema, "Nitakwenda naye mimi. Sina kazi, na watoto wangu wako Mwanza."

Wakaenda mwezi wa Julai. Zamani safari ile ilikuwa na kivuko cha Busisi kwenda Kigongo, na watu walingoja saa nyingi. Mwaka 2025 daraja limefunguliwa, gari linapita juu ya ziwa kwa dakika chache. Mzee alinisimulia kwamba walipokuwa katikati ya daraja alimwambia mwalimu, "Tazama, mwanangu, Mungu ametufupishia safari." Naye akajibu, "Ni kweli, baba. Lakini mimi nilikuwa nalia kivukoni. Siku hizi nafika Bugando sijamaliza."

Mzee alinyamaza alipofika hapo. Kisha akaniambia kwamba alimwomba dereva asimame kidogo upande wa pili, naye dereva, kwa kuwa ni mtu wa kwetu, akasimama.