Mikono Ni Ileile

Hebu nikuulize: thamani ya mtu inatokana na watu anaojuana nao?

John B. Kelly wa Philadelphia, Marekani, alianza kama fundi wa mjengo, akipanga matofali. Alipenda sana mashindano ya makasia. Mwaka wa 1920 aliomba kushindana Henley, Uingereza, wakamkataa. Klabu yake ilikuwa imepigwa marufuku huko, na tena sheria zao ziliwafungia nje waliofanya kazi ya mikono. Mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Antwerp, alimshinda Mwingereza Jack Beresford akachukua dhahabu.

Baadaye akawa mkandarasi tajiri. Rais Roosevelt akampa wadhifa, na binti yake Grace akaolewa na mtawala wa Monaco. Mwaka wa 1947 mwanawe alishinda palepale Henley.

Sasa angalia. Ile mikono iliyokataliwa ndiyo ileile iliyokuja kusalimiwa na wakubwa. Kilichobadilika ni watu waliomjua, si yeye.

Sisi tunapenda kukumbuka nani alitufungia mlango. Lakini je, mlango ulio mikononi mwako? Mimi mwenyewe nimewahi kupitia barua za kuomba kazi nikitafuta kwanza jina ninalolijua, kabla sijasoma mtu anaweza kufanya nini. Nilikosea, na pengine kuna fundi mzuri nilimwacha nje.

Wiki hii mtu atakuja kwako bila kutumwa na yeyote. Usimuulize anamjua nani. Muulize anajua nini, halafu umsikilize hadi amalize.