Paka Mgonjwa Hawezi Kujitafutia



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, leo nazungumzia paka, na najua wapo watakaocheka kidogo. Mitaa yetu ya pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, imejaa paka. Wanalala barazani, wanangoja vichwa vya samaki sokoni, wengine wanapita katikati ya safu watu wakiwa wamesujudu na hakuna anayeshtuka. Tumewazoea mno, hata tumesahau kuwa wana haki juu yetu.

Haki hiyo hupimwa siku paka anapougua. Paka kalelewa ndani, kachezewa na watoto, kawamaliza panya wa stoo. Sasa amekonda, manyoya yamesimama, anatapika, anakojoa mkekani. Usiku anatiwa kwenye kiroba, anapelekwa mbali na nyumbani, anamwagwa karibu na soko la samaki. Ukiuliza unajibiwa: "Tumemwachia Mungu, atajitafutia riziki yake huko." Jina la Mungu limetajwa, na mwenye nyumba amelala usingizi wake.

Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka tunaijua sote. Ameisimulia Ibn Umar (R.A.), na Bukhari na Muslim wameipokea. Tukiisimulia sisi hutaja njaa tu, kwamba alimfungia mpaka akafa. Lakini Mtume (S.A.W.) alitaja mambo mawili: mwanamke yule hakumlisha paka, wala hakumwacha atoke ajilie wadudu wa ardhini. Maana yake alikuwa na milango miwili ya kutokea, na yote akaifunga. Paka mzima ukimfungulia mlango unakuwa umempa mmoja wapo, maana ana kucha, ana mbio, ana macho ya usiku. Paka mgonjwa hana hivyo. Anayeyumba akitembea hamkamati hata mende, na akisogelea utumbo wa samaki, paka shume wa hapo sokoni watamrarua. Kwake yeye mlango wa kujitafutia umekwisha kufungwa na maradhi, umebaki mmoja tu, nao ni mkono wako. Ukiuondoa huo, sioni tofauti yako na mwanamke yule ila kwamba yeye alitumia chumba na wewe umetumia kiroba.

Mafaqihi wetu wa madhehebu ya Shafi hawakuliacha jambo hili kwenye huruma ya mtu. Chakula na maji ya mnyama wamevifanya kuwa wajibu juu ya mwenye kumfuga, na si hisani. Matibabu yanafuata uwezo wa mtu. Hakuna anayekuambia uuze kiwanja umtibu paka.

Hapo ndipo lile swali la barazani linapokuja: watu wanakosa dawa hospitalini, nyinyi mnahangaika na paka? Mwenye kuuliza hivyo mara nyingi hamhangaikii yeyote kati ya hao wawili, lakini tumjibu. Yule mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa, katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.), alishuka kisimani akanywa yeye kwanza. Alipotoka ndipo akamwona mbwa anahema na kulamba udongo wa unyevu, akarudi chini, akajaza kiatu chake maji, akakibana kwa meno apate kupanda. Hakujinyima maji. Alianza na nafsi yake, kisha akaona kuwa kushiba kwake hakujamaliza wajibu. Basi mke, watoto na wazazi wana haki zao kwanza, na baada ya hapo kisahani cha maji na nauli ya kwenda kwa daktari wa mifugo havimfilisi mtu.

Na huruma bila elimu huua. Wapo wanaomwona paka anatetemeka wakampa kipande cha Panadol, wakitaraji malipo kwa Allah. Dawa hiyo ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja kama letu, damu inaharibika isibebe hewa, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Paka mzee anayekunywa maji kupita kiasi, anayekojoa sana na kukonda, huenda figo zake zimechoka. Ugonjwa huo hauponi, ila kwa maji, chakula laini na usimamizi wa daktari wengi huishi muda mzuri tu. Paka aliyegoma kula kwa siku kadhaa naye asingojwe, kwani ini lake huanza kujaa mafuta. La hatari zaidi ni dume anayechuchumaa, anajikamua, analia, na mkojo hautoki. Watu husema amefunga choo. Njia ya mkojo ikiziba, siku mbili tatu zinatosha kummaliza.

Wengine wanaogopa kwa ajili ya tohara. Paka mwenyewe si najisi. Abu Qatada (R.A.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, na mke wa mwanawe, Kabsha, alipostaajabu, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amewahesabu paka miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Mkojo na matapishi ni najisi, naam, na dawa yake ni maji. Mtandikie kanga kuukuu mahali pake, weka mswala mbali, kuwa na nguo ya kumhudumia na nyingine ya kusalia. Anayelea mtoto mchanga anafanya hayo kila siku na halalamiki.

Lipo suala zito, la sindano ya kumfisha paka aliyekwisha kukatiwa tamaa. Fathul Muin, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu, kinaharamisha kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, kama punda aliyelemaa. Wanazuoni wengine, hasa wa zama hizi, wameruhusu pale maumivu yanapokuwa makali na daktari mwaminifu akasema hakuna matumaini. Nisingependa mtu achukue ruhusa hiyo mtaani. Amuulize sheikh wake, na asiitafute fatwa kwa sababu tu amechoka kufua matandiko. Akifa mwenyewe, mfukie. Usimtupe jalalani wala ufukweni akawaudhi wapita njia.

Sasa nakuombeni jambo moja. Mkirudi nyumbani, mtazameni paka wenu: amekula, amekunywa, amekojoa? Mwenye jirani mzee anayeishi na paka wake peke yake amuulizie pia, pengine amekosa wa kumbebea kwa daktari. Na mwenye dume anayejikamua tangu jana bila kutoa mkojo, asingoje swala ya Isha. Ampeleke sasa hivi.